Benedicta Anachagua Bastola

Tangu mwezi wa tatu mwaka ule wa 2013, nyumba ya Benedicta haikuitikia hodi tena.

Kabla ya hapo ilikuwa nyumba ya kuitikia. Jengo lenyewe ni la zamani, pale Greyville, mjini Durban, lifti yake haifanyi kazi, na dirisha la jikoni linatazama uwanja wa mbio za farasi. Mtanzania mwenye njaa aliujua ule mlango. Mrundi aliyeshuka basi jana na begi moja alielekezwa pale pale. Ulifika, ukaita hodi, na kabla hujamaliza sauti ya Benedicta ilikujia kutoka jikoni, "Karibu! Karibu ndani, mlango uko wazi!" Mlango haukuwa wazi. Alisema hivyo huku anakuja kuufungua, mikono ina unga, na komeo akalisukuma kwa kiwiko.

Ndivyo walivyoingia wale vijana watatu. Ilikuwa Jumapili, baada ya misa. Waliita hodi. Waliita vizuri, kwa adabu, wakaivuta sauti kidogo mwishoni kama anavyoivuta mgeni anayedhani wenyeji wako mezani. Mdomo wa Benedicta ukajibu, "Karibu," kiwiko kikasukuma komeo. Hakufikiri. Nani hufikiri? Hodi huitikiwa kama jicho linavyopepesa.

Neno lile moja ndilo lililokuwa Kiswahili chao chote. Walilisikia kwenye ngazi siku hadi siku, wakalibeba, wakaja nalo mlangoni. Wa kwanza alisukuma mlango, wa pili akaufunga, wa tatu akamwekea Benedicta bastola nyuma ya sikio. Walichukua simu, televisheni, redio ya marehemu mumewe na kopo la pesa za chapati alizouza wiki nzima. Hawakukaa. Maji ya chai aliyoyabandika yalikuwa bado hayajachemka walipoondoka. Lakini ule ubaridi nyuma ya sikio ulibaki, na kila alipooga alipasugua pale kuliko mahali pengine popote.

Benedicta alitoka Bukoba akiwa mke wa Godson, karani wa kampuni moja ya meli. Bandari ya Durban ilimpa Godson kazi, ikawapa wote wawili karatasi za ukaazi wa kudumu, na kisha, siku moja yuko kwenye foleni ya benki, shinikizo la damu likamwangusha. Mjane hakurudi kwao. Alianza kupika chai, chapati na maharage, akauza karibu na lango la bandari wanakopanga foleni madereva wa malori. Sebule ikawa kubwa mno kwa mtu mmoja, na kodi nayo haikupungua kwa kuwa Godson amekufa. Ndipo alipokuja Nzeyimana, Mrundi mlinzi wa magari kwenye maduka ya Overport, na mkewe Kaneza. Nzeyimana alileta mbao nyembamba za hadibodi, akazisimamisha kwa fito na misumari, akaigawa sebule. Upande mmoja kikabaki kijia chembamba kutoka mlango wa mbele hadi chumba cha Benedicta. Upande wa pili kikawa chumba cha Warundi, na baadaye akazaliwa humo mtoto, Bonheur, ambaye kitanda chake kiliegeshwa kwenye hadibodi ileile, karibu na mlango, kwa sababu hapakuwa na pengine.

Mwenye jengo hakuambiwa habari ya hadibodi. Benedicta hakuiona kama siri. Ilikuwa nyumba yenye watu, basi.

Sasa watu walewale aliwawekea amri. Hakuna kuita hodi. Ukifika mlangoni, piga simu. Huna salio, tuma ile meseji ya bure ya kuomba upigiwe, nikikupigia na kusikia sauti yako nafungua. Kaneza alitii. Mara nyingi Benedicta alirudi kutoka bandarini akamkuta amesimama kwenye korido, mtoto mgongoni, simu mkononi, ametuma meseji na anangoja. Ufunguo wa nyumba ulikuwa mmoja, maana kitasa kilikuwa kipya na Benedicta hakutaka funguo zienee.

"Umesimama tangu saa ngapi, mwanangu?"

"Haiko shida, mama. Nilikuwa naongea na gogo."

Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, alikuwa mzee wa mlango unaotazamana na wao. Mchana kutwa alikaa kwenye kiti cha plastiki koridoni, akifuata upepo.

Wazo la bastola lililetwa na Respicius. Huyu ni binamu yake, mtoto wa baba mdogo, msimamizi wa malori, mtu mwenye sauti ya kuongea na madereva hata akiwa amekaa kwenye sofa. Alisikiliza habari ya wizi ule mara nyingi, na kila mara aliposikiliza alipiga goti lake kwa ngumi.

"Dada, mimi nakwambia, hawa watarudi. Wameshajua mlango, wameshajua mjane. Na sheria inakuruhusu. Una karatasi za kudumu. Mimi mwenyewe ningekuwa nazo ningelala na bunduki kama mke."

"Mkeo anasikia?"

"Asikie. Yeye anakoroma, bunduki haikoromi."

Benedicta alicheka, na kicheko kilipokwisha akagundua kwamba ameshakubali. Alikuwa amechoka kuogopa mikono mitupu. Aliogopa mlango, aliogopa ngazi, aliogopa asubuhi anapotoka na masufuria, ingawa Nzeyimana alimbebea hadi kwenye teksi. Alitaka kitu cha kuogopwa, na yeye awe nyuma yake.

Duka la silaha lilikuwa kwenye mtaa wa maduka ya vipuri, mlango wake una mageti mawili, na ukiingia la kwanza lazima lijifunge ndipo la pili lifunguke. Katikati ya mageti hayo mawili Benedicta aliukumbatia mkoba wake. Mwenye duka, Bwana Moodley, Mhindi wa palepale Durban, mnene, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, aliwafungulia na kuwavutia viti.

Respicius hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la vioo akaonyesha bastola ndogo, nyeupe kama kijiko, ya kuingia kwenye mkoba.

"Hii. Ya akina mama."

"Kila mume na kila kaka hunionyesha hii," alisema Moodley. "Nyepesi, ndiyo. Kwa kuwa nyepesi inapiga teke kama punda, na kwa kuwa fupi haijui inakotazama. Mama akiipiga mara moja hatarudi kuipiga mara ya pili. Ngoja kwanza. Mama, unaitaka ya nini?"

"Ya kujilinda."

"Wapi? Njiani, kazini au nyumbani?"

Benedicta alisema kote. Moodley akamuuliza kazi yake. Akamwambia. Yule mzee akainua mikono yake miwili, vidole vimepanuka, kana kwamba vyote vina unga.

"Bastola inakaa mwilini mwako au inakaa kwenye sefu. Hapana mahali pa tatu. Sasa unakanda chapati, watu wamekuzunguka, mikono iko hivi. Bastola iko kiunoni, iko wapi? Na mtu nyuma yako ameiona kabla yako. Kazini hapana. Njiani, na masufuria? Hapana. Basi tunatafuta ya nyumbani. Umepunguza nusu ya duka langu."

Alitandika kitambaa cha kijani, akaweka bastola nne, zote tupu, akamwonyesha moja moja kwamba hazina risasi, akamtaka na yeye atazame, tena aingize kidole. Alimfundisha kuielekeza ukutani tu. Kisha akamwacha azishike.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, bapa. Ili kuingiza risasi ya kwanza ilibidi uvute nyuma sehemu yake ya juu, na Moodley akasema wanawake wengi hushindwa pale. Benedicta aliivuta kama anavyovuta donge la unga, ikarudi kwa kishindo.

"Eish!" Moodley aliondoa miwani yake. "Hiyo mikono ya chapati."

Lakini Benedicta aliirudisha juu ya kitambaa upesi. Kiganja kilikuwa kimemtoka jasho.

"Inafanana na ile," alisema.

"Ipi?"

"Iliyonigusa hapa."

Hata Respicius aliangalia viatu vyake. Moodley aliiondoa ile nyeusi, akaiondoa na ya pili iliyofanana nayo. Akamsogezea rivolva, ile yenye kijumba cha risasi kinachozunguka, mpini wa mbao ya rangi ya kahawia. Ilikuwa nzito na mbao yake ilijaa kiganja kama mwiko wa ugali. Hapakuwa na cha kuvuta nyuma. Unafungua kijumba, unaona risasi zipo au hazipo, unafunga. Kifyatulio chake kilikuwa kigumu, kinataka kidole kilichoamua.

"Ya mapolisi wa zamani hiyo," Respicius alisema. "Dada, watakucheka."

"Wacheke wakiwa nje," alijibu Benedicta.

Moodley alitabasamu. Akamwambia ugumu ule ni mzuri, unampa mtu nafasi ya kujua anachofanya, na rivolva haisahauliki ikiwa imejaa ukadhani tupu. Kisha akauliza, kama vile anauliza sukari ngapi, "Nyumbani unaishi na nani?"

Benedicta aliona hadibodi. Aliona mwenye jengo na barua ya kufukuzwa.

"Peke yangu," alisema.

"Ukimlenga mtu mlangoni, nyuma ya mlango kuna nini? Pembeni?"

"Ukuta."

"Wa matofali?"

"Wa matofali."

Respicius alikohoa. Moodley aliandika jina la mteja kwenye kikaratasi, akakifunga kwa kamba kwenye mpini wa rivolva, akaiweka kwenye sefu yake nyuma ya pazia. Itakaa hapo, alisema, hadi kozi ya kutumia silaha iishe na polisi watoe leseni. Itachukua miezi. Polisi wenyewe watakuja nyumbani kutazama sefu kama imefungwa kwenye ukuta imara, na watauliza majirani.

Kwenye gari Respicius alikuwa na furaha. "Umejibu sawasawa. Sefu nitakuletea mimi, na drili. Sasa wale Warundi wako uwape mwezi mmoja, watafute mahali. Hadibodi tunaing'oa, polisi akija anakuta sebule."

"Waende wapi?"

"Durban nzima hii? Wewe wakati unawekewa chuma kichwani wao walikuwa wapi?"

Walikuwa kanisani kwao, huko wanakoimba hadi jioni. Benedicta alilijua hilo, na alijua pia kwamba aliporudi nyumbani Nzeyimana jioni ile alikaa chini kwenye kijia, mgongo kwenye mlango, hadi kukakucha, bila kuombwa. Alitazama foleni ya magari kwenye roboti, zile taa za barabarani, na mtu mmoja aliyekuwa akiuza miwani ya jua katikati ya magari, na akawaza kwamba kuanzia sasa katika nyumba yake kutakuwa na bastola au kutakuwa na Bonheur, na yeye ndiye atakayesema.

Hakusema wiki ile, wala iliyofuata.

Sefu ilikuja Jumamosi. Respicius alitoboa ukuta wa chumba cha Benedicta, vumbi jekundu la tofali likamwagika kwenye shuka, na Bonheur akalia upande wa pili kwa sababu ya kelele za drili. Kaneza alikuja akasimama mlangoni, mtoto begani, akikitazama kile kijisanduku cha chuma.

"Mama, ni ya kitu gani?"

"Ya karatasi," Benedicta alisema. "Pasipoti, karatasi za Godson."

"Ni vizuri," alisema Kaneza. "Na zetu tunaweza kuweka?"

Respicius alipiga nyundo mahali ambapo hapakuhitaji nyundo.

Kozi ilifanyika kwa Moodley, chini ya duka, kwenye chumba kirefu kisicho na dirisha ambacho mwisho wake ni lundo la mchanga. Siku ya kwanza alijifunza sheria tu. Siku ya pili alifyatua. Mlio ulipita kwenye viziba masikio ukaingia mwilini kwa njia ya meno, na Benedicta akajikuta amefumba macho. Aliyafungua. Moodley alisimama kando yake, hakumharakisha. Alimwambia apumue, asukume mbele kwa mkono mmoja na avute nyuma kwa mwingine, na kabla ya yote apaze sauti: simama, nina silaha. Kwa Kiingereza, alisema, kila mtu hapa anaelewa.

Benedicta alikuwa hodari. Hilo halikumfurahisha kama alivyotarajia. Karatasi yenye picha ya mtu ilijaa matundu kifuani, karibu karibu, na Moodley akavuta kamba kuileta. Karatasi ilikuwa imebanwa juu ya ubao. Alipoigeuza ili abadilishe nyingine, Benedicta aliona mgongo wa ule ubao. Rangi ya kahawia, upande mmoja laini, upande mmoja una vijitundu kama kitambaa. Aliujua. Ulikuwa hadibodi.

Kwa mbele matundu yalikuwa madogo, nadhifu. Kwa nyuma palikuwa pameraruka na kuchanua. Aliingiza kidole cha shahada kwenye tundu moja, kikapita chote hadi kifundo cha mwisho, akakiona kinatokea upande wa pili.

"Haisimamishi kitu hii," Moodley alisema. "Ni ya kubania karatasi tu. Risasi haijui hata kama imepita mahali. Ndiyo maana kuna mchanga."

Jioni ile alisimama kwenye mlango wa chumba chake, mkono mtupu mbele, kidole kimenyooka. Mwisho wa kijia ulikuwa mlango wa mbele. Nyuma ya mlango ule, kiti cha gogo. Aliusogeza mkono kidogo tu kushoto, kama mkono unavyosogea wenyewe mtu akitetemeka, na kidole kikatazama hadibodi, mahali ambapo kilikuwa kikisikika kikohozi kidogo cha mtoto. Aliurudisha katikati. Ukasogea tena. Mahali pekee katika nyumba nzima ambapo kidole chake hakikumkuta mtu ni dirishani, kwenye uwanja wa farasi.

Basi waondoke, aliwaza. Ndivyo ilivyo. Watu huhama. Alifungua mdomo kumwita Kaneza, akamwita, na Kaneza alipokuja akamuuliza kama chumvi ipo.

Alhamisi mvua ilinyesha, malori hayakuwa mengi, akarudi mapema. Nzeyimana alikuwa kazini. Kaneza alikuwa ametoka na mtoto. Nyumba ilikuwa kimya na Benedicta akakomea mlango, akavua viatu, na kwa kuwa Moodley alisema mwili lazima ujifunze kama unavyojifunza kucheza ngoma, akachukua mwiko jikoni akaenda kusimama mahali pake, mwisho wa kijia. Mguu mmoja mbele. Mwiko juu, mikono miwili. Pumua.

Kitu kikagonga mlango, chini.

Haikuwa hodi. Haikuwa simu. Alitazama simu kitandani, haikuwa na mwanga. Kikagonga tena, kizito, kama mguu. Kisha kitasa kikasogea kidogo, kikarudi.

Mwili wake ulijifunza haraka kuliko alivyodhani. Magoti yakajikunja yenyewe. Sauti ikatoka, ile ya chini ya duka, kubwa, ya Kiingereza, ambayo hakuijua kuwa ni yake: simama, nina silaha, nitapiga!

Nje kukawa kimya.

Mtu mwema angejibu. Hilo ndilo aliloliwaza, na jasho likamtoka nyuma ya sikio, palepale. Mtu mwema angesema ni mimi. Aliita tena, "Nani?" safari hii kwa Kiswahili, na hakujibiwa. Akauendea mlango kwa vidole vya miguu, mwiko mbele, akaweka jicho kwenye kitundu cha kuchungulia. Korido ilikuwa tupu. Kiti cha gogo kilikuwa kitupu. Hapakuwa na mtu, na bado alijua yupo mtu, kwa sababu mlango ulikuwa unapumua.

Akarudi nyuma hatua chache, mgongo kwenye hadibodi. Kidole chake kilikuwa kimeuminya mwiko hadi kucha imekuwa nyeupe, na alitambua, kwa utulivu wa kutisha, kwamba kingekuwa kile chuma chenye mpini wa mbao angekuwa ameshafyatua. Si angefyatua. Ameshafyatua. Kwenye kile kishindo cha pili, kidole kilikwisha kujibu.

Ndipo ukasikika, chini kabisa, kwenye mwanya kati ya mlango na sakafu, ule uhu, uhu wa kikohozi anachokijua.

Komeo lilimshinda. Alilivuta, likagoma, akalipiga kwa kiwiko. Mlango ukafunguka, na pale kizingitini, kifudifudi, alikuwa amelala Kaneza. Alikuwa amemfunika mtoto kwa mwili wake wote na khanga juu. Mfuko wa unga wa mahindi ulikuwa umeanguka kando, umepasuka pembe. Hakuinua kichwa.

"Usipige," alisema kwa sauti ndogo sana, kama anasali. "Usipige, haiko kitu, haiko mutu."

"Kaneza. Ni mimi. Kaneza!"

Yule binti aligeuza uso polepole. Akautazama mwiko. Akamtazama Benedicta.

"Mama, ni weye?"

"Ni mimi. Inuka, mwanangu. Kwa nini hukuita?"

"Ulisema tusiite." Alikaa, akaanza kumpangusa mtoto unga usoni, ingawa mikono yake yenyewe ndiyo iliyokuwa na unga. "Simu imezima. Mikono ilikuwa na mutoto na mfuko, nikagonga na mguu, nikajaribu kitasa na kiwiko. Halafu nikasikia mwenye bunduki. Nyumbani Burundi, wakati wa vita, mama yetu alitufundisha. Ukisikia sauti ile nyuma ya mlango, usijibu, usikimbie. Lala chini ufunike mudogo wako. Nilikuwa na miaka kama saba."

Bonheur, aliyekuwa mzima kabisa, alinyoosha mkono akaushika mwiko akauvuta apewe. Benedicta alimpa. Alikaa chini na yeye, palepale mlangoni, miguu imetokeza koridoni, na wakakaa hivyo hadi gogo alipopanda ngazi na mkate wake, akawatazama, akatazama unga, akasema kwa Kizulu jambo lililomaanisha kwamba wamwite mtu wa ufagio.

Jumatatu alikwenda kwa Moodley peke yake. Respicius alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba amelogwa na Warundi. "Sasa wakija utawapiga na chapati?" aliuliza, na Benedicta akamjibu kwamba kwa chapati za mkewe wangekufa kweli, akakata.

Katikati ya mageti mawili aliukumbatia mkoba vilevile. Moodley alileta rivolva, kikaratasi chenye jina lake kikining'inia. Aliiweka kwenye kitambaa cha kijani. Ilikuwa nzuri. Benedicta aliitazama jinsi mtu anavyotazama kiatu kinachomtosha.

"Niulize tena," alisema.

"Nikuulize nini, mama?"

"Nyuma ya mlango kuna nini."

Moodley alivaa miwani. "Nyuma ya mlango kuna nini?"

"Bibi kwenye kiti. Na pembeni si matofali. Ni ile mbao yako ya kubania karatasi. Nyuma yake kuna kitanda cha mtoto."

Yule mzee hakukasirika. Alifungua kijumba cha risasi, akakitazama ni kitupu, akakifunga. Alikata kamba kwa mkasi mdogo, akampa Benedicta kikaratasi chenye jina lake.

"Na hao ulionao nyuma ya mbao," aliuliza, "hawaondoki?"

"Hawaondoki."

"Basi sina ya kukufaa. Ninazo nyingi, lakini ya nyumba hiyo sina." Alifikiri. "Yule aliyeniwekea haya mageti ni mtu mwaminifu. Nikupe namba yake?"

Geti liliwekwa mwezi ule, la nondo, nje ya mlango. Funguo zikachongwa, kila mmoja wake. Sefu ikabaki ukutani, ndani yake pasipoti za Tanzania na karatasi za ukimbizi za Warundi zimelaliana. Jioni ya kwanza, wote wakiwa na funguo mifukoni, Nzeyimana alisimama nje ya nondo na hakuutumia ufunguo wake. Alimtazama mkewe, ambaye tayari alikuwa ndani, kisha akakohoa kidogo, kwa haya.

"Hodi," aliita.

Benedicta alikuwa jikoni. Maji yalikuwa motoni. Ule ubaridi ulikuja nyuma ya sikio, palepale, kama haukuwahi kuondoka, na mdomo, ule uliokuwa ukijibu wenyewe, ukakauka. Kaneza aliacha kukatakata mboga. Mtoto aligonga sufuria kwa mwiko.

Benedicta alifuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja. Alikwenda hadi mwisho wa kijia, akafungua mlango wa mbao, akaliacha geti likiwa limefungwa, akamtazama Nzeyimana katikati ya nondo hadi akawa na hakika ya uso wake.

"Nani?" aliuliza, ingawa alimwona.

"Ni miye, mama. Nzeyimana."

"Karibu," alisema Benedicta. Neno lilitoka nusu, akalirudia lote.